Mzizi Unaufuata Mfupa

Bwana Shamba wetu alikuwa na koo la jogoo anayejifunza kuwika. Akitaka kusema jambo kubwa sauti inaanza chini, inapanda, inapanda, halafu inapasuka. "Mama zangu," hapo yuko chini, "chakula hiki hakitembei," hapo imepasuka. Nikiwaigia wajukuu zangu wanagaragara sakafuni. Lakini maneno yenyewe hayakuwa ya kuchekesha, maana ndiyo yaliyotaka kumtoa mama mkwe wangu nyumbani kwake.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, mie nimeolewa karibuni, hina bado haijafutika kwenye kucha. Nyumba ilikuwa njia ya Njinjo, ukitoka Kilwa unaingia ndani, huko kwenye mihogo na mtama. Mume wangu yuko Lindi, anabeba magunia bandarini, anarudi akipata nafasi. Nyumbani tulikuwa wanawake wawili, mie na mama yake. Baba mkwe sikumkuta hai. Nilikuta kofia yake imetundikwa ukutani, na hakuna mtu aliyethubutu kuitungua.

Bwana Shamba alikuwa mtu wa kuja, wa bara huko mbali. Amevaa kaptura imepigwa pasi mpaka ukiigusa inakukata. Akaitisha watu kwa jumbe, akasema serikali inataka kujaribu majani ya ng'ombe.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo anayasema polepole, kama mtu anayechambua mchele. Akauliza, "Ng'ombe wa nani?"

"Ng'ombe watakaokuja, mama."

"Watakuja lini?"

"Mbung'o wakishamalizwa, ng'ombe wataletwa."

"Kwa hiyo tunapika, na wageni wenyewe hawajaambiwa."

Watu wakacheka. Jumbe akakohoa. Jumbe wetu alikuwa hasemi kabla hajakohoa mara mbili, na akishakohoa basi, hakuna wa kujibu. "Ehm. Ehm. Serikali imesema."

Shamba lililochaguliwa likawa la mama mkwe, lile la kando ya njia, kwa sababu lilikuwa limechoka. Mihogo ya mule ilikuwa kama vidole vya mgonjwa. Bwana Shamba akafurahi. "Ndiyo ninayoitaka, ardhi yenye njaa." Akalikata kwa kamba pande mbili. Upande mmoja akamwaga unga wa kijivu kutoka kwenye gunia, upande wa pili hakumwaga kitu. Kisha akapanda majani yake kote kote, majani yanayotambaa, jani lake kama la kunde ila dogo, ua lake la zambarau.

Tukamwuliza ule unga ni wa nini. Akasema ni wa mifupa.

Hapo wanawake wote tulirudi nyuma, kama umetutupia nyoka. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwepo, mzee mpole, anasema kwa kuvuta na kwa puani, hata akiomba maji utadhani anasoma aya. "Mifupa ya mnyama ganiii?"

"Ya ng'ombe, mwalimu. Ng'ombe watupu."

"Kachinja naniii?"

"Mwalimu, unga huu hauliwi. Anayeula ni mmea."

Mwalimu akafikiri, akasema kama anayeula ni mmea basi mmea wenyewe ndio utaulizwa. Tukapumua.

Bwana Shamba akachutama, akang'oa mche mmoja aliokuja nao kwenye kopo, akautikisa udongo ukadondoka. Akatuonyesha mizizi. Kulikuwa na vinundu vidogo, kama punje za mtama. Akasema, na hapa ndipo alipoyaanza, "Mama zangu, mmea huu ni hodari. Chakula kimoja unakivuta hewani, unakiweka humu kwenye vinundu. Lakini chakula cha pili, hiki cha mifupa, hewani hakipo. Kipo ardhini, na ardhini chakula hiki hakitembei. Vyakula vingine maji ya mvua yanavibeba yanavileta mpaka mlangoni. Hiki hapana. Hiki kimeng'ang'ania udongo pale pale kilipo, hakitoki. Sasa nani atakwenda kumfuata mwenzake? Mzizi. Unatoa vinywele, vyembamba kuliko vya kichanga, unapapasa huku, unapapasa kule. Ukikuta, unatoa jasho lake chachu, unalainisha, unanyonya. Penye mfupa mizizi inajazana kama watu kisimani. Mzizi unaufuata mfupa, mama zangu."

Na sauti ikapasuka kwenye "mfupa". Tulicheka wote, isipokuwa mtu mmoja.

Huyu mmoja alikuwa jirani yetu, shamba lake limepakana na letu chini huko kwenye kijito, tukimwita jirani wa bondeni. Mume wake alikuwa ameaga miaka nyuma kwamba anakwenda kufanya kazi ya mkonge upande wa Lindi. Hakufika. Watu waliotoka huko walisema hawajamwona. Na kabla hajaondoka alikuwa amegombana na baba mkwe wangu juu ya mpaka. Alitaka mpaka usogee mpaka kwenye kisiki cha mkwaju, na baba mkwe alikataa. Wakashikana mashati mbele za watu. Tangu hapo jirani wa bondeni akitusalimia anaangalia nyuma yako, kama kuna mtu umemficha mgongoni.

Akauliza, "Mfupa wowote?"

"Wowote, mama. Mzizi hauchagui."

"Ahaa."

Hiyo ahaa yake naiweza. Fupi, inafunga kama mfuniko wa chungu. Nikiisema leo bado nywele zinanisimama.

Mvua ikanyesha. Upande wa unga majani yakainuka, yakafunika ardhi usione hata mchanga. Upande wa njaa yakadumaa, mafupi, pembeni mwa jani yamegeuka mekundu kama yamebabuliwa. Bwana Shamba alikuwa anapita na baiskeli yake, anatazama huku na huku, anajisemea mwenyewe, anaondoka. Kwake yeye mambo yalikuwa mazuri.

Asubuhi moja nikamtafuta mama mkwe nisimwone jikoni. Nikamkuta shambani, upande wa njaa, karibu na kile kisiki cha mkwaju. Amechutama, anakata majani kwa kucha.

"Mama, unafanya nini?"

"Napunguza."

"Unapunguza nini?"

"Haya yamezidi. Wenzao wako hapa," akagusa kifundo cha mguu, "yenyewe yako hapa," akagusa goti. "Nayasawazisha."

Nikatazama. Kweli, katikati ya majani yale yaliyobabuka palikuwa na sehemu imekoza, majani mapana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Hakuna aliyemwaga unga pale. Mie na mdomo wangu nikasema, "Bwana Shamba akija atauliza nani kamnyoa mwanawe." Nikauigiza na ule mpasuko wa sauti.

Hakucheka. Akasema, "Mwanangu, lala hapo."

"Wapi?"

"Hapo kwenye majani. Lala nione."

Nikadhani amepatwa na homa. Lakini mkwe akisema lala, unalala. Nikajinyoosha chali. Umande ukanipenya mgongoni. Kichwa changu kiko pale majani yanapoanzia, nyayo ziko pale yanapoishia, imebaki kidogo tu, na mabega yangu yameenea.

"Inuka," akasema. "Inuka upesi."

Nilipoinuka alikuwa anafuta kwa mikono alama niliyoiacha. Ndipo nikaelewa anachokiogopa.

Akaniambia, "Baba mkwe wako alikuwa na hasira. Siku ile ya mpaka alirudi nyumbani akasema maneno. Niliyasikia mie peke yangu."

"Alisemaje?"

"Alisema, akisogeza mpaka nitamfukia pale pale kwenye kisiki."

"Watu wanasema tu, mama."

"Ndiyo. Watu wanasema." Akayaangalia majani. "Na haya je?"

Nikachutama nikamsaidia kukata.

Tukawa tunakwenda kila alfajiri, kabla njia haijapata watu. Tunakata, tunatia kwenye tenga, tunawapa mbuzi, na mbuzi walikuwa wanayapenda mpaka wakituona wanalia. Lakini yale majani, bwana, hayakuwa na adabu. Ukikata leo, mvua ikipita yamerudi, na yamerudi mazito zaidi. Wenzao pembeni wamebaki vile vile, wanyonge, wekundu. Nilikuwa nayaangalia nayachukia kama mtu. Nilikuwa nayasema, enyi wambea, nyamazeni basi.

Siku moja hatukusikia mguu. Tulisikia sauti.

"Hodi za shambani."

Jirani wa bondeni amesimama njiani, kikapu kichwani.

"Karibu, jirani," mama mkwe akasema, hakuinua uso.

"Mnavuna?"

"Tunapalilia."

"Mnapalilia majani yasiingie kwenye majani." Akateremsha kikapu. "Naona hapa pamenyolewa."

"Mbuzi waliingia."

"Mbuzi wenu wana vidole. Wamekata vizuri."

Yule mama akaingia shambani, akaja mpaka pale. Akavua kanga ya kichwani, akaikunjua, akaitandika juu ya majani, kwa urefu, akainyoosha pembe hii na pembe hii kama anayetandika kitanda. Akasimama akaitazama kwa muda.

"Mume wangu," akasema, "alikuwa mrefu hivi."

Akaokota kanga yake, akaikung'uta, akaenda moja kwa moja kwa jumbe.

Jumbe alikuja na watu. Hakukaa kwenye kigoda tulichompa. Akakohoa mara mbili, na mara hii nilitamani akohoe mpaka jua lizame asifike kwenye maneno. Akasema patachimbwa. Kisipoonekana kitu, si kitu. Akionekana mtu, habari inakwenda boma Kilwa, mama mkwe atakwenda kuulizwa, mwanawe ataitwa kutoka Lindi, na nyumba hii itafungwa, shamba litakaa mikononi mwake yeye jumbe mpaka shauri liishe. "Na nyie wanawake msilisogelee tena."

Mtu mmoja akasema basi tuchimbe sasa hivi. Jumbe akamtazama. "Ehm. Majani ni ya serikali. Mie siwezi kuchimba mali ya serikali mwenyewe hayupo."

Kwa hiyo tukamngoja Bwana Shamba na baiskeli yake. Ndizo siku zilizonizeesha zile. Kwetu asubuhi watu wanaombana moto, mtoto anakuja na kigae anachukua kaa, anarudi kwao. Nyumbani kwetu hakuja mtu kuomba moto. Ukipita kisimani wanawake wananyamaza, wanakupisha uteke kwanza, na kupishwa kule ni kubaya kuliko kutukanwa. Mie niliyekuwa nikipita wanasema, haya tuigie jumbe, tuigie mwalimu, hakuna aliyesema niigie mtu.

Mama mkwe aliacha kula. Alikuwa anakoroga uji, anautazama, anaurudisha. Mchana mmoja baada ya adhuhuri niliingia ndani nikamkuta amesimama mbele ya ile kofia ukutani. Hakuigusa. Alikuwa anaiuliza, kwa sauti ile ile ya polepole, "Umefanya?" Anangoja. "Niambie tu, umefanya?" Nikarudi nyuma kwa vidole vya miguu.

Nakwambia nilimwogopa marehemu baba mkwe ambaye sikuwahi kumwona, na nilimwogopa mume wangu pia kidogo, maana damu ni ile ile. Nilikuwa najiuliza, atakayeletwa kutoka Lindi akiwa amefungwa kamba, nitamwambia nini?

Bwana Shamba akaja. Aliliona shamba kabla hajatuona sisi, akabwaga baiskeli. "Nani amekata? Nani amekata majani yangu? Mzungu anakuja kuyapima kwa rula, nitampimia nini, visiki?" Sauti inapasuka kila neno. Jumbe akamvuta pembeni akamweleza. Nikamwona yule kijana anapungua ndani ya kaptura yake.

"Ni mie niliyesema hivyo?" akauliza.

"Ni wewe," akasema jirani wa bondeni. "Mzizi hauchagui. Ulisema."

"Mama, inaweza kuwa jivu. Jiko la zamani, choo cha zamani, hata hivyo vinalisha mmea."

"Ulisema mfupa."

Akaomba jambo moja tu, kwamba wasichimbe kwa juu wakaparua, wachimbe kutoka ubavuni, taratibu, yeye mwenyewe akitazama mizizi. Jumbe akakubali. Wanaume wawili wakashika majembe. Kijiji chote kilikuwa kimesimama kwenye ile kamba yake ya kugawia, hakuna aliyeivuka. Mama mkwe amenishika mkono juu ya kiwiko.

Kwanza ulitoka mchanga mtupu. Pale pembeni, chini ya majani yaliyodumaa, mizizi ilikuwa michache, imetawanyika, kila mmoja kivyake, hohehahe. Walipofika chini ya yale yaliyokoza, Bwana Shamba akainua mkono. Ukuta wa shimo ulikuwa umeonekana. Mizizi myeupe ilikuwa inashuka yote pamoja, haiangalii kulia wala kushoto, kama watu wanaokwenda kwenye msiba. Wote tuliona. Hata asiyejua mzizi ni nini aliona kwamba ile ilikuwa inakwenda mahali.

Wakachimba mpaka kufika gotini. Jembe likagonga, si kama linavyogonga jiwe.

Bwana Shamba akaingia shimoni mwenyewe, akachimba kwa mikono. Akatoa bonge. Mchanga umedondoka nusu, na bonge zima limefunikwa na kitu laini, kimesokotana, kimeninginia kwenye vidole vyake.

"Nywele," akasema mtu nyuma yangu.

Jirani wa bondeni akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Hakulia. Mama mkwe kucha zake ziliingia kwenye mkono wangu, mpaka leo nikitafuta nadhani naziona.

Bwana Shamba alikuwa ameshika lile bonge hajui alitupe au aliweke. Akataka maji. Hakuna aliyekwenda, nikaenda mie. Nikaja na kibuyu, nikammwagia mikononi. Mchanga ukaoshwa. Zile nywele zikabaki, nyeupe, zimelowa, na katikati yake vikaonekana vinundu, kimoja kimoja, kama punje za mtama.

"Ni mizizi," akasema. Sauti haikupasuka mara hii, ilikuwa imekwisha kabisa. "Ni mizizi, mama zangu. Ni vinywele vyake."

Watu wakapumua wote kwa pamoja, ukasikia kama upepo. Lakini jirani wa bondeni alikuwa hajapumua. Alinyoosha kidole. "Na hicho kilicho ndani?"

Ndani ya ile mizizi, umekumbatiwa, ulikuwa mfupa. Mrefu.

Mwalimu wa chuo akaivuka kamba, polepole na fimbo yake, akachutama kwenye ukingo. "Mwagaaa," akaniambia. Nikamwaga. Akaugeuza huku na huku. "Leteni mwinginee." Wakaleta. Mifupa ilikuwa imelala pamoja, imebanana kama iliyofungwa furushi, na furushi lenyewe limeoza likabaki doa jeusi kwenye mchanga. Ukatoka utaya. Meno yake hata mtoto angeyajua.

"Ehm," akasema jumbe. "Mbuzi."

Mtu akaanza kucheka, na mie nikaanza, kicheko cha kuishiwa nguvu. Lakini jirani wa bondeni akainuka. "Mbuzi anazikwa na nani? Nyie mlishaona mtu anamzika mbuzi? Mbuzi analiwa. Wamemweka huyu juu ili amfunike aliye chini."

Kicheko kikakatika. Maana ilikuwa kweli. Nani anazika mbuzi? Nikamtazama mama mkwe, na uso wake ulikuwa umegeuka jivu. Hata yeye alikuwa anajiuliza.

Mwalimu hakuinuka. Alikuwa bado anaitazama mifupa, mmoja mmoja, anaipitisha kidole. Akauliza, na hapa hakuvuta, alisema kama watu wote wanavyosema, "Nyie mkila mbuzi, mfupa wa paja mnauacha mzima?"

"Tunauvunja," akajibu mmoja. "Tunanyonya uboho."

"Huu haukuvunjwa. Wala huu. Wala huu wa shingo. Amekatwa kwenye viungo tu, kwa kisu, taratibu, na mifupa imerudishwa yote. Mbuzi gani anafanyiwa hivyo?"

Kila mtu alikuwa anajua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Akasema mama mmoja wa nyuma, "Wa akika."

Mtoto akizaliwa anachinjiwa akika, na mbuzi wake havunjwi hata mfupa, ili mtoto naye abaki kamili. Watu wakishakula mifupa inakusanywa, inafungwa ngozini, inakwenda kuzikwa. Na mtoto aliyefariki kabla hajachinjiwa, wazazi wanamchinjia vile vile, ili siku ya kiama aje awashike mkono. Wanawake wanapika. Kuzika ni kazi ya wanaume.

Mwalimu akawaambia, "Endeleeni kuchimba. Chimbeni kote, asibaki mtu na neno." Wakachimba. Likatoka furushi la pili, limefunikwa mizizi vile vile. Wakasogea, likatoka jingine. Yalikuwa yamepangwa kwa mstari, moja baada ya jingine, na ule urefu wa mtu, ule niliolala juu yake, ulikuwa ni mbuzi waliolala kichwa kwa mkia. Wakashuka mpaka ardhi ngumu ambayo haijawahi kuguswa na jembe. Jumbe akachukua fimbo ya mwalimu akaichomeka mwenyewe hapa na pale. Hapakuwa na kitu.

Mama mkwe akaniachia mkono. Akaivuka kamba, akaenda mpaka kwenye ukingo, akakaa akining'iniza miguu shimoni kama msichana.

"Nilipika mie," akasema. "Kila mara nilipika mie."

Mume wangu alikuwa mwanawe pekee, nikajua siku ile kwamba hakuzaliwa pekee. Waliomfuata walikuwa wanakuja, wanakaa kidogo, wanaondoka, na kila aliyeondoka baba yake alimchinjia.

"Nikimaliza kupika anafunga furushi, anachukua jembe, anakwenda. Nikadhani anakwenda mbali, porini huko. Sikumwuliza, sikutaka kujua." Akagusa lile doa jeusi. "Kumbe alikuwa analeta hapa. Tukapanda mihogo juu yake, nikapalilia, nikapita." Kisha akasema, "Ndiyo maana hakutaka mpaka usogee. Angesema tu. Mwanaume yule, angesema tu."

Akaionyesha mifupa ya mwisho, ile ya upande wa kisiki. "Huyu atakuwa wa yule wa kike. Ndiye aliyekuwa wa mwisho."

Bwana Shamba alikuwa bado yumo shimoni. Akasafisha koo. "Mama, nisamehe. Ningeomba mzizi mmoja tu, nikamwonyeshe bwana mkubwa. Hajawahi kuona ilivyojazana hivi."

"Mzizi chukua. Mfupa niachie."

Akajaribu. Akamwaga maji, akapenyeza kucha, akavuta kidogo kidogo. Mizizi ilikuwa imeingia mpaka kwenye vitundu vya mfupa, huoni mzizi unaishia wapi na mfupa unaanzia wapi. Ikawa inakatika. Mwishowe akaacha, akaurudisha mfupa mahali pake, na mizizi yake, akaufukia yeye mwenyewe kwa mikono. Mwalimu akasoma dua. Jumbe akakohoa, akasema shauri limekwisha, akaenda zake. Hakuna aliyetuomba radhi. Ila kesho yake asubuhi alikuja mtoto na kigae, anataka moto, na mama mkwe akampa makaa mengi mpaka kigae kikaelemewa.

Lakini sijamaliza, maana yule jirani wa bondeni hakuondoka pale shambani na wenzake. Shimo limeshafukiwa, watu wametawanyika, yeye amekaa. Mama mkwe akaenda akakaa naye. Mie niko nyuma yao.

"Hayupo hapa, jirani," mama mkwe akasema.

"Hayupo."

"Hata mie nilidhani yupo."

Yule mama akageuka akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu niwajue. "Yuko wapi basi?"

Sauti ile siiigi. Nimeshaombwa, nimekataa.

Mvua ziliisha, majani yakazaa maganda. Akaja nyumbani na kikapu, akapiga hodi, akakaa, akanywa maji. Akasema, "Nipe mbegu za yale majani."

Mama mkwe hakumwuliza za nini. Hakuna ng'ombe aliyekuwa amekuja, wala hakuja hata mmoja mpaka leo. Tulikwenda wote watatu, tukapukusa maganda mpaka kikapu kikajaa.

Masika yaliyofuata alipanda bonde lake lote, kutoka kijitoni mpaka kwenye mpaka wetu, asiache hata pa kupanda mtama. Tulikuwa tunamwona kutoka kwetu, anatembea mule taratibu, kichwa chini, anatafuta pamekoza wapi. Asubuhi moja mama mkwe akachukua fimbo yake, akateremka, akaanza kutembea upande wa pili. Wakawa wanatembea hivyo, mmoja huku mmoja kule, wanakutana katikati, wanageuka. Majani yaliota sawasawa, bonde zima, mafupi, mekundu pembeni.